Kidhibiti mkondo cha ampea 30 kinachoma transista za 2N3055 kila msimu wa giza: mafundi naomba macho yenu

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Habari zenu mafundi. Nina karakana ndogo karibu na soko la Kibuye na kazi yangu kubwa ni kuchaji betri. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa omena (dagaa). Hao huvua usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa za LED, na asubuhi betri zote hunifikia kwa mpigo zikiwa zimeisha chaji kabisa.

Chaja nimeiunda mwenyewe. Transfoma inatoa volti 26, kisha daraja la dayodi, kapasita sita za mikrofaradi 10,000, halafu transista za nguvu 2N3055 sita zilizofungwa sambamba, zinasukumwa na transista nyingine moja, TIP41C. Mkondo unapita kwenye shanti (rezista ndogo sana ya kupimia mkondo) ya ampea 50 kwa milivolti 75, ile inayouzwa pamoja na amita. Chipu ya opampu (kikuza volti) LM358 inasoma shanti, ukifika ampea 30 inapunguza msukumo wa beisi (mguu unaoiamuru transista). Betri nazifunga mbilimbili kwa mfululizo ziwe volti 24, jozi tatu sambamba, kila betri ampea-saa 100 (100Ah). Kwa hiyo kila jozi inapata kama ampea 10, ambayo ni kiwango kizuri kwa betri ya asidi ya ukubwa huo.

Shida: inafanya kazi bila matatizo, halafu ghafla transista moja inashikana kolekta na emita (miguu miwili inayopitisha mkondo mkubwa), na mara nyingi inaondoka na wenzake wawili au watatu. Fyuzi ya ampea 40 inakatika baadaye, transista zikiwa zimeshakufa. Nimezibadilisha mara kadhaa na pesa zinaisha. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: 2N3055 moja ni ampea 15, sita ni ampea 90, mimi natumia 30. Mbona zinakufa?

Nyaya Mbili (Kakamega)

Pole sana fundi. Kabla ya mengine: emita zimefungwaje? Kila moja ina rezista yake, au zote zimeunganishwa moja kwa moja kwenye waya mmoja?

Fundi wa Kibuye

Moja kwa moja. Waya mmoja mnene wa shaba unapita kwenye emita zote sita.

Nyaya Mbili

Hapo pana kasoro ya kwanza. Transista mbili za namba moja hazifanani hata zikitoka boksi moja. Kwenye joto lile lile, ikiwa moja inahitaji milivolti 60 pungufu kati ya beisi na emita, itabeba mkondo karibu mara kumi ya mwenzake. Tena inayobeba zaidi inapata joto zaidi, na volti ya beisi kwa emita inapungua kama milivolti 2 kwa kila digrii moja ya joto. Kwa hiyo inazidi kubeba, inazidi kupata joto, mpaka silikoni inayeyuka. Zile ampea 90 ulizohesabu hazipo. Kuna usiku ambapo transista moja inabeba mzigo wote na tano zinamtazama.

Weka rezista ya omu 0.1 kwenye kila emita, zile nyeupe za saruji za wati 5. Kila transista ikipitisha ampea 5, rezista inadondosha volti 0.5 na kula wati 2.5. Tofauti ya milivolti 100 kati ya transista itakuwa tofauti ya ampea 1 tu. Faida nyingine kubwa: unapima milivolti kwenye kila rezista na unajua kila transista inabeba ngapi, bila kukata waya wowote.

Volti za Nakuru

Ndugu yangu, kwa nini unasumbuka na 2N3055? Transista hizo ni za miaka ya 1960. Chukua mosfeti (transista za aina nyingine) IRF3205 nne. Moja ni ampea 110, ukinzani wake milioomu 8. Huku Nakuru tunazitumia kwenye inveta za volti 12 na hazipati joto hata kidogo.

Mwalimu wa Umeme (Bungoma)

Ndugu wa Nakuru, kwenye inveta uko sawa kabisa, lakini hapa ushauri huo utamchomea pesa. Kwenye inveta mosfeti ama imefunguka yote ama imefungwa yote. Ikiwa imefunguka, mkondo ni mkubwa lakini volti juu yake ni ndogo mno, na joto linakuwa dogo. Kwenye kidhibiti mkondo, transista inakaa katikati muda wote: volti nyingi juu yake na ampea nyingi ndani yake, kwa wakati mmoja, kwa saa nzima.

Mosfeti za kisasa za kubadili haraka zimeundwa kwa maelfu ya seli ndogo zilizofungwa sambamba ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Geti (mguu unaoiamuru mosfeti) ikiwa na volti ndogo, seli yenye joto zaidi inahitaji volti pungufu ya geti ili ifunguke, kwa hiyo inavuta mkondo wa jirani zake. Ni kisa kile kile alichoeleza Nyaya Mbili, safari hii ndani ya mosfeti moja, ambako huwezi kuweka rezista. Ile ampea 110 inahusu mosfeti iliyofunguka kabisa huku ganda lake likipozwa mpaka digrii 25. Anayetaka mosfeti kwa kazi ya namna hii atafute za aina ya zamani zenye silikoni pana kama IRFP250, kila moja ipewe rezista yake ya kupimia na opampu yake, na asiifikishe hata nusu ya wati zilizoandikwa.

Fundi wa Kibuye, sasa nakuuliza wewe. Umetuambia ampea. Hujatuambia volti zilizobaki juu ya transista. Nipe vipimo vitatu: volti kwenye kapasita chaja ikiwa na mzigo mchana, volti hizo hizo usiku wa manane, na volti za jozi ya betri mbaya kuliko zote unayopokea.

Fundi wa Kibuye

Shikamoo mwalimu. Nimeweka rezista za emita kama alivyosema Nyaya Mbili, na transista mpya sita. Vipimo ndivyo hivi.

Kapasita mchana: volti 32. Usiku wa manane, majirani wakishazima vyombo vyao: volti 35. Stima huku hupanda usiku, ile 240 inakaribia 260. Jozi mbaya ya betri za wavuvi: volti 18 ikianza kuchajiwa.

Milivolti kwenye rezista za emita, mkondo ukiwa ampea 30: 550, 530, 560, 290, 540, 530. Ya nne mbona inazembea?

Mwalimu wa Umeme

Marahaba. Sasa tunaweza kuongea.

Usiku: 35 toa 18 ni volti 17. Mara ampea 30, ni wati 510. Gawanya kwa sita, ni wati 85 kwa kila transista, kabla hata ya kuitazama ile ya nne inayowaachia wenzake kazi.

2N3055 imeandikwa wati 115, na watu wengi husoma mpaka hapo. Mstari unaofuata unasema wati hizo ni ganda likiwa digrii 25, na kwa kila digrii inayozidi hapo unapunguza wati 0.657. Ganda likiwa digrii 90, zinabaki wati 72 tu.

Njia nyingine ya kuiona: kutoka silikoni hadi ganda, kila wati moja inapandisha joto digrii 1.52. Mika (kipande chembamba cha kuhami umeme chini ya transista) na girisi ya joto huongeza kama 0.4. Jumla tuseme 1.9. Mara wati 85 ni digrii 162. Silikoni hairuhusiwi kuvuka 200. Kwa hiyo bamba lako la kupoozea lisizidi digrii 38. Kisumu hewa peke yake mchana inakaribia digrii 30, na bamba hilo linapokea wati 510. Haiwezekani, hata kwa feni tatu.

Na hapo bado betri ipo. Mteja akigusanisha koleo za chaja, volti zote 35 zinakaa juu ya transista. 35 mara 30 ni wati 1,050, yaani 175 kwa kila moja. Hiyo inapita kiwango cha mtengenezaji hata ukizitia transista kwenye barafu. Transista inakufa katika muda ambao waya wa fyuzi bado unaanza kupata moto. Fyuzi ipo kulinda nyaya na nyumba isiungue. Usiitegemee kulinda silikoni.

Kidhibiti mkondo huumia zaidi pale kinapofanya kazi yake. Betri iliyojaa nusu haikisumbui. Betri iliyokufa ndiyo inayokiua, na wewe unazipokea zilizokufa zote kwa siku moja, kisha unaziacha usiku stima ikiwa juu. Ndiyo maana unaona ajali hizi msimu wa giza.

Fundi wa Kibuye

Mwalimu, sasa naelewa kwa nini wiki za mbalamwezi hakuna kinachoharibika. Wavuvi wa omena wanapumzika, naletewa betri za sola za nyumbani ambazo zina volti 23, 24.

Je, nikiongeza transista ziwe kumi?

Mwalimu wa Umeme

Itasaidia silikoni: wati 51 kila moja badala ya 85. Lakini wati 510 bado zinamiminika kwenye bamba lile lile. Ukifuata njia hiyo utahitaji bamba kubwa sana. Ni afadhali joto lenyewe tulihamishie pengine.

Nyaya Mbili

Kuhusu ile ya nne. Chukua moja ya zile zilizokufa za kundi lilelile ulilonunua, kata kofia kwa msumeno wa chuma taratibu, utazame ndani. Kisha kata na nyingine unayoiamini.

Fundi wa Kibuye

Nimekata. Ile niliyoitoa kwenye redio kubwa ya zamani ina kipande cha silikoni kipana, kimekaa juu ya bamba dogo la shaba. Zile za juzi zina kipande kidogo kama punje ya mchele, tena bila bamba la shaba. Maandishi juu ni yale yale.

Nyaya Mbili

Basi hizo si 2N3055, ni transista ndogo iliyovalishwa kofia kubwa. Mita haitakuonyesha: ukipima beisi kwa emita na beisi kwa kolekta utapata milivolti 500 hadi 700 vizuri kabisa, na kolekta kwa emita itasoma wazi. Ugonjwa wake unatokea ikipewa wati. Ndiyo sababu ya nne inabeba ampea 2.9 wakati wenzake wanabeba zaidi ya 5: silikoni ndogo inadai volti zaidi ya beisi ili ipitishe mkondo ule ule. Ikipata joto zaidi itakufa yenyewe, na ikishikana inafungulia betri mkondo wote wa transfoma bila udhibiti. Hapo asidi inachemka na haidrojeni inajaa chumbani. Tafadhali chumba chako kiwe na madirisha wazi.

Mimi siku hizi nikinunua transista za nguvu nanunua moja, naikata, ndipo narudi kuchukua nyingine. Inauma kuharibu transista nzima, lakini ni rahisi kuliko kubadilisha sita.

Mama Betri (Homa Bay)

Mwanangu wa Kibuye, mimi nachaji betri za wavuvi hao hao upande huu wa Nyanza. Sichaji betri iliyokufa kwa mkondo mkubwa hata siku moja. Betri ikija na volti chini ya 10.5 naiweka kando, naipitishia mkondo mdogo kwanza kupitia balbu za taa kubwa ya gari. Kwa mfumo wako wa volti 24 funga balbu mbili za volti 12 wati 55 kwa mfululizo, kati ya chaja na betri. Hata koleo zikigusana, hazitapita ampea 5 na ushee. Balbu zikififia, ujue betri imeanza kuamka. Isiyoamka baada ya saa chache huwa ina seli iliyokufa, unamrudishia mwenyewe.

Ukifanya hivyo utagundua kwamba betri nyingi ulizokuwa unazilazimisha zilikuwa zimeshakwisha.

Fundi wa Kibuye

Asante mama, balbu ninazo. Lakini siku ya giza napokea nyingi, siwezi kuziweka zote kwenye balbu. Mwalimu, ulisema tulihamishe joto. Tulihamishie wapi?

Mwalimu wa Umeme

Kwenye waya wa nikromu. Unahitaji omu 0.2 mfululizo kabla ya kolekta. Kwa ampea 30 inadondosha volti 6 na kula wati 180, na wati hizo haziigusi silikoni. Zile 510 zinakuwa 330, sawa na 55 kwa kila transista. Fanya tena hesabu: 55 mara 1.9 ni digrii 105, bamba linaweza kufika hata digrii 80 na bado una nafasi.

Chukua koili ya jiko la umeme ya wati 1,000. Kwa volti 240 ukinzani wake ni kama omu 57.6. Ikate vipande 17 vilivyo sawa, uvifunge vyote sambamba. Kipande kimoja ni omu 3.4, na 17 sambamba vinakupa omu 0.2. Koili iliyozoea wati 1,000 sasa inabeba 180, haitakuwa hata nyekundu. Nikromu haishiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo bana kwa bolti na pete za shaba (washa), na uiweke mbali na bamba la transista, feni ipulize transista kwanza.

Betri zikikaribia kujaa, rezista hiyo itapunguza mkondo yenyewe. Betri za asidi zinapenda hivyo.

Rezista haitoshi kwa koleo zinazogusana. 35 toa 6 bado ni volti 29, mara 30 ni wati 870. Hapo unahitaji kikomo kinachoshuka volti za kutoka zikishuka: chini ya volti 16, kikomo kiwe ampea 8 badala ya 30. Ile LM358 ina opampu mbili ndani, na nadhani umetumia moja. Ya pili ilinganishe volti za kutoka na ivute chini volti ya rejea (inayoweka kikomo) ya ile ya kwanza. 35 mara 8 ni wati 280, mzigo ambao transista zako zinauweza.

Jambo moja kuhusu LM358: kosa lake la kuanzia laweza kufika milivolti 7. Ampea 30 kwenye shanti yako ni milivolti 45 tu. Yaani unaweza kudhani uko 30 kumbe uko karibu na 35. Rekebisha kikomo kwa amita ya kweli, usiamini hesabu ya rezista.

Volti za Nakuru

Nimejifunza hapa. Swali dogo: fundi, stima ikipotea huku betri zimefungwa, chaja inafanya nini?

Fundi wa Kibuye

Inazima. Feni tu ndiyo inaendelea kuzunguka, polepole, mpaka nifungue betri. Nilidhani ni kapasita zinamalizia.

Mwalimu wa Umeme

Ndugu wa Nakuru, umeuliza swali zuri kuliko yote.

Kapasita haiwezi kuzungusha feni usiku kucha. Feni hiyo inakula betri, kwa njia ambayo haikupaswa kuwepo. Feni umeifunga kwenye volti za kapasita, upande wa kolekta, sivyo? Stima ikipotea, kolekta inashuka, lakini emita inashikiliwa juu na betri ya volti 24. Mkondo unarudi kinyumenyume: emita kwenda beisi, beisi kwenda kolekta, kolekta kwenda kwenye feni. Maungio ya emita na beisi ya 2N3055 yanavumilia volti 7 tu za kinyume. Zikizidi yanafunguka kwa nguvu. Feni inabaki na volti 16 hivi, ndiyo maana inazunguka polepole.

Hili haliui transista papo hapo. Linapunguza uwezo wake wa kukuza mkondo, kidogo kidogo kila stima inapopotea. 2N3055 hata ikiwa mpya inaahidi kukuza mara 20 tu kwenye ampea 4, na mara 5 kwenye ampea 10. Ikishuka zaidi ya hapo, TIP41C inalazimika kusukuma zaidi, nayo inachemka.

Weka dayodi ya Schottky kwenye waya wa chanya unaokwenda kwa betri, mkondo usiweze kurudi. MBR4045 ina dayodi mbili ndani, ziunganishe sambamba, ampea 40. Itakula kama volti 0.5, wati 15, kwa hiyo ipe bamba lake. Volti za betri uzipime baada ya dayodi, si kabla.

Fundi wa Kibuye

Narudi na majibu. Nimefanya yafuatayo: 2N3055 sita nilizozitoa kwenye vipaza sauti vya zamani, zote nimezipima kwa mzigo kabla ya kuzifunga. Koili ya jiko vipande 17. Dayodi ya Schottky. Kikomo kinachoshuka hadi ampea 8. Kila 2N3055 pia nimeipa rezista kati ya beisi na emita.

Washo la kwanza nimefanya kupitia balbu mbili za Mama Betri, kisha bila balbu. Milivolti za emita: 510, 490, 500, 520, 480, 500. Nimegusanisha koleo kwa makusudi: mkondo umeshuka hadi ampea 8 na kukaa hapo. Bamba kwenye mzigo mbaya kabisa, betri za volti 18 na stima ya usiku, limesimama digrii 71. Nimezima stima betri zikiwa zimefungwa, na feni imesimama.

Msimu huu wa giza umepita na hakuna transista iliyokufa. Mwalimu, Nyaya Mbili, mama yangu, ndugu wa Nakuru, Mungu awabariki.

Nyaya Mbili

Hongera fundi. Ongeza swichi ya joto ya digrii 80, zile ndogo za KSD301 ambazo hukata zikipata moto. Ifunge kwa skrubu kwenye bamba karibu na transista ya katikati, na ikate koili ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kuingizia stima. Feni ikifa usiku, chaja izime yenyewe.

Fundi wa Kibuye

Feni iendelee kufungwa kwenye kapasita, au nayo ihamie kwenye rilei?

Nyaya Mbili

Iache kwenye kapasita. Sasa dayodi inazuia betri kuilisha, na joto likikata rilei feni ikiwa bado nzima, kapasita zitamalizia chaji yao kwenye feni badala ya kubaki na volti 35 zinazokusubiri uingize mkono.

Mama Betri

Mwanangu, ukishaweka hiyo swichi, niandikie faraghani bei ya kuunda chaja kama hiyo ya jozi tano. Nitakuletea transfoma.